Gunia Nililolikalia Wiki Sita

Kuna mzee nilimwambia "hakuna" mara sita, na alichokuwa anakitafuta nilikuwa nimekikalia.

Sisemi kwa mafumbo. Nilikikalia kwa makalio haya haya.

Naitwa Yona, mtoto wa Simbo, kijiji cha hapa hapa Kigoma. Mwaka jana chuo kilinipeleka fildi, mazoezi ya kazi, Kigoma mjini, kwenye ofisi inayowatafutia wakimbizi ndugu waliopotezana. Nikajua nimetoboa. Nikanunua na mkanda mpya.

Bosi wangu, Bonaventura, mgeni wa huku, akanionyesha stoo yenye magunia manne ya fomu zilizofungwa. Kazi yangu kutoa pini za stepla, karatasi moja moja, kabla hazijachomwa. Kiti hakuna. Nikachagua gunia lililoshiba kuliko mengine, nikakaa.

Basi. Fildi yenyewe ndiyo hiyo.

Wenzangu wanaposti picha wamevaa reflekta bandarini, mimi vidole vimejaa matundu. Nikanuna. Nikawa natoa pini bila kusoma hata mstari, macho kwenye simu, nasubiri muhuri kwenye logibuku, daftari la fildi la chuo, nisepe.

Kazi nyingine ilikuwa kumjibu Mzee Ndizeye kila Jumatatu. Mrundi, anatoka Rusimbi kwa miguu, anamtafuta mwanawe Ntakarutimana waliyepotezana wakati wa vita. Anasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwana wanje," ananiita, yaani mwanangu kwa Kirundi, "leo kuna jambo?"

"Hakuna, mzee."

Sikuwahi hata kuinuka kuangalia. Wiki ya tatu nilimwigiza sauti na ule mwendo wake, ofisi nzima ikacheka. Alikuwa anaondoka, hata hajafika getini.

Wiki ya sita magunia matatu yakaisha. Ikabidi nifungue kiti changu.

Bando lilikuwa limekata, kwa hiyo nikasoma. Fomu ya tatu tu kutoka juu: Ntakarutimana, yuko kambini, anamtafuta baba yake, Ndizeye. Chini yake mwandiko wa bosi: "Jina la baba na la mwana hayafanani. Imefungwa."

Nikapekua zilizofuata: maneno yale yale. Kwetu tumekaa na Warundi miaka yote, hata mtoto anajua kwao kila mtu hupewa jina lake mwenyewe, baba lake na mwana lake. Bosi alikuwa amefunga gunia zima kwa kutolijua hilo.

Nikampelekea. Hakuisoma mpaka mwisho. Akasema zilizofungwa zimefungwa, na muhuri wangu utagongwa Ijumaa, moto ukishazima.

Nikaificha ile moja kwenye soksi. Zilizobaki nikachoma. Ndiyo, nilichoma kwa mkono wangu, na muhuri nikagongewa. Hata simu niliogopa kupiga kabla ya muhuri.

Jumamosi nikapiga namba iliyokuwa kwenye fomu. Akapokea mke wa Ntakarutimana, Goreth. Nikaomba kuongea na mumewe.

"Tulimzika," akasema. "Homa tu. Leo wiki tatu."

Nikahesabu wiki kurudi nyuma kwa vidole. Alikuwa anaumwa wiki ile ile niliyokuwa nachekesha ofisi.

Nilimkuta Mzee Ndizeye kwake Rusimbi, anapukuchua maharage. Nilimwambia yote kuhusu mwanawe, maana uongo ulikuwa umeniisha. Nikamkabidhi fomu, akaigeuzageuza mkononi. Kisha akanirudishia, akataka nimsomee pale mwanawe alipomtaja. Nikasoma. Akataka tena. Nikasoma tena.

"Kumbe alinitafuta," akasema, na akatabasamu kabisa. Lile tabasamu lilinichinja.

Akauliza karatasi ilikuwa wapi siku zote.

"Chini yangu, mzee, kwenye gunia la fomu nililokalia. Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilitamani anitukane, hakunitukana.

"Na wenzie waliokuwa humo guniani," akauliza, "umeshawapigia?"

Logibuku yenye muhuri ilikuwa begani mwangu, ndani ya begi. Nikalisukuma begi nyuma ya mgongo.

Chuo walinipa A.

Wewe uliye fildi sasa hivi, unayelalamika kwamba hupewi kazi ya maana: inuka kwanza, usome ulichokikalia.