Kidonda Cheusi Kisichouma

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilitoka nyumbani. Mnaonijua chekeni tu: mimi hata nikienda mji wa Turbo tu huaga kama mtu anayehama.

Ng'ombe wetu pale Ainabkoi alilala mzima, asubuhi tukamkuta amekufa, damu nyeusi inamtoka puani wala haigandi. Kwetu ng'ombe akifa hivyo majirani huitana, wakachuna, kila boma likapata kipande ili hasara isimlemee mtu mmoja. Kaka yangu Kiprono akashika kisu. "Wewe kaa ndani ulinde kuku," akaniambia. Nikalinda.

Baada ya siku chache kipele kikamtoka mkononi, kinawasha. Kikawa lengelenge, likapasuka, pakabaki kidonda cheusi kama kaa lililozimika. Mkono ukavimba hadi kiwiko. Na hakiumi! Hapo ndipo tulipodanganyika, maana tumezoea kuogopa kinachouma. Homa ilipompanda hata akashindwa kusimama, mama na mimi tukampeleka hospitali mjini Eldoret.

Daktari aliugeuza ule mkono polepole. "Ni nini kilichokukata?"

"Mwiba," Kiprono akasema.

"Kuna mnyama amekufa huko nyumbani?"

Kiprono akanitupia jicho. Nilijua anachowaza: boma litafungwa, maziwa hayatauzwa, na majirani waliokula ile nyama watatuchukia. Nikaviangalia viatu vyangu kana kwamba ndivyo vinavyougua. Yeye anahema, jasho linamtiririka.

Mama akapiga meza. "Nyinyi mfiche ng'ombe, mimi nizike mtoto? Daktari, ng'ombe alikufa mwenyewe, na huyu ndiye aliyemchuna, majirani wakala!"

"Basi hii huenda ni kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu," daktari akasema. Akachukua majimaji ya kidonda yakapimwe, akamwanzishia dawa bila kungoja majibu. "Na wote waliokula waje. Leo hii."

Majibu yakarudi: kimeta kweli. Majirani walikuja wamenuna, wakameza dawa, wakaendelea kununa. Lakini walikuwa hai, na Kiprono pia.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ng'ombe akianguka ghafla usimpasue, hata majirani wakuite mchoyo. Mwite daktari wa mifugo. Na ukiugua, habari za zizi lako zimfikie daktari kabla hajauliza, maana hawezi kutafuta asichoambiwa. Aibu hupoa, maiti haifufuki.

Mungu akujazie zizi, akupe afya, na akuweke karibu na mtu wa kukusemea siku ulimi wako utakapokuwa mzito.