Niliagiza safety car kutoka Japan, siku ya harusi ya shemeji nikaongoza malori

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, naenda zangu. Leo acha na mimi niandike, kwa sababu hii kitu nimeikalia miezi kadhaa na inaniwasha.

Ilinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Busia, na mashahidi ni kanisa nzima. Nikiongeza chumvi mahali, mke wangu naye yuko humu na jina ambalo silijui. Atanirekebisha.

Kwanza mnijue. Nafanya clearing Malaba, makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Uganda. Nimeoa Funyula, nina watoto watatu.

Na mimi ni mtu wa kupitwa.

Kuna watu tumezaliwa hivyo. Kwa foleni ya benki mtu ananigusa bega, "boss, nilikuwa hapa mbele yako, nilienda tu kupiga simu," na mimi namwachia. Nyumbani mimi ni wa saba kati ya saba. Siku ya kupeleka mahari gari letu lilipata pancha pale Bumala, tukafika wakwe wameshakula na kunawa mikono.

Tangu siku hiyo baba mkwe akawa ananisalimia, "Karibu, mkwe wa nyuma." Mzee anaitwa Mwalimu Wandera, headmaster mstaafu, hana haja ya kupaza sauti. Anasema polepole, anatabasamu, mashemeji wanaangalia chini wasicheke. Miaka kumi na moja wakuu. Iliniuma kila mara.

Sasa tuje kwa gari.

Napenda sana mbio za magari kwa TV. Wenzangu wanashabikia madereva. Mimi nilipenda gari moja tu, ile inayoitwa safety car.

Kwa wasiojua: mbio zikipata ajali au mvua kubwa, inatoka gari moja yenye taa za rangi ya machungwa juu, inakaa mbele, na yale magari yote ya kasi yanapanga laini nyuma yake kama watoto wa nursery. Hata bingwa wa dunia hana ruhusa kuipita. Akiipita anaadhibiwa.

Siku ya kwanza kuona hiyo kitu niliweka kikombe cha chai chini. Nikajiambia, kumbe kuna gari haipitwi.

Baadaye nikagundua makampuni huwa yanatengeneza toleo la barabarani la hizo gari, zile zile rangi, mistari ile ile, kwa raia wa kawaida kama mimi. Nikaona moja kwa mnada wa Japan. Sitataja make, msiseme nafanyia watu matangazo. Milango miwili, silver, turbo, na kwa boneti imeandikwa SAFETY CAR kwa herufi ambazo mtu anaweza kusoma akiwa ng'ambo ya mpaka.

Sitawaambia nilimdanganya vipi mke wangu kuhusu bei. Tuendelee.

Ilikuja bila taa za juu, matundu tu. Fundi mmoja wa Busia akanitafutia za breakdown, yale malori ya kuvuta magari mabovu, akafunga, zikawaka. Siku hiyo niliendesha kutoka Busia hadi Malaba na hakuna gari hata moja lilinipita. Kwa kizuizi askari alinipigia saluti kwanza, ndio akakumbuka kuangalia insurance.

Ubaya wake ni chini. Gari imelala chini mpaka kila tuta inalamba. Na nyie mnajua matuta ya Busia.

Basi, shemeji yangu Ajiambo, mdogo wa mke wangu, akapanga harusi. Ilikuwa imeshaahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba wa nyanya yao, kwa hivyo hii ya pili ilikuwa lazima. Kanisa liko nje kidogo ya mji wa Busia. Padre alituonya mapema: saa tano kamili anaanza, kwa sababu baada ya hapo ana ubatizo Port Victoria. Bibi harusi akikosekana, arudi tarehe nyingine.

Mke wangu ndiye alipendekeza mimi niongoze msafara. Mwalimu Wandera alifikiria, akasema sawa.

Wakuu, sikulala vizuri kwa furaha.

Jioni ya kuamkia harusi niliita madereva wote uani kwa Mwalimu. Nikawapa lecture ya mbio za magari. Nikamalizia, "Kesho hakuna mtu kunipita. Hata awe amebanwa na haja, avumilie nyuma yangu. Safety car haipitwi."

Walisikiliza. Katika boma lile ilikuwa mara ya kwanza mimi kuongea mpaka mwisho bila mtu kuniingilia.

Mwalimu alikuwa kwa kiti chake pembeni. Akauliza swali moja tu. "Na hiyo gari yako ikikosea, hao wa nyuma watafanya nini?"

"Haikosei, baba."

Asubuhi tukatoka Funyula. Mimi mbele, mke wangu kando yangu. Nyuma yangu gari nyeupe ya bibi harusi, ikiendeshwa na shemeji Ouma, ndani yake Ajiambo na Mwalimu. Halafu pickup ya vyombo, halafu basi la kina mama. Mama mkwe alikuwa huko kwa basi, maana kwa mila ya kwetu hawezi kupanda gari moja na mimi. Nashukuru mila.

Tulikubaliana speed ya arobaini. Nikaenda arobaini vizuri sana.

Lakini kuna kipande kimoja kabla ya kutokea main road. Kimenyooka, hakina tuta, hakina ng'ombe. Mguu wangu ukashuka wenyewe. Turbo ikalia. Ilikuwa sekunde thelathini tu wakuu, Mungu wangu anajua.

Mke wangu akasema, "Baba Sharon, harusi iko nyuma."

Nikasema nitawangoja kwa junction. Kufika junction nikasimama na taa zangu zinazunguka. Upande wa kushoto foleni ya malori ya kwenda mpakani imepanga mpaka macho yanakoma, system ya forodha ilikuwa chini tangu juzi. Madereva wamekaa chini ya matrela wanapika chai.

Askari wa trafiki akanipungia, "Boss, endelea, unafunga barabara."

Nikaendelea polepole, nikijua Ouma atanifikia. Kwa kioo nikaona kitu cheupe kimekuja nyuma yangu. Nikatulia. Nikaongeza muziki.

Mke wangu akageuka kuangalia. "Hiyo ndio gari ya bibi harusi?"

"Ndio."

"Mbona imeandikwa HATARI, PETROLI?"

Nikaangalia tena. Ilikuwa tanker. Nyuma yake trela, nyuma ya trela tanker nyingine, na nyuma yake watu wanamwaga chai na kukimbilia malori yao.

Ndio nikaelewa. Wale watu wamelala barabarani wakingoja gari ya kuwasindikiza mpakani. Wanaona gari ina taa za machungwa, imeandikwa SAFETY, inaenda polepole kwa heshima. Mimi mwenyewe nafanya kazi na mizigo, na ningekuwa kwa lori ningeifuata.

Nikasimama ili wanipite. Wote wakasimama. Nikashuka nikamwendea dereva wa kwanza, Mganda mmoja mpole mwenye kofia ya sufu.

"Boss, pita. Mimi si escort."

"Ssebo, sisi tumelala hapa siku mbili. Wewe ndio umetumwa."

"Mimi naenda harusi." Nikamwonyesha ua kwa koti.

Akaliangalia ua, akaniangalia mimi. "Hata harusi sisi hatukatai. Wewe tembea, sisi tunakuja."

Nikarudi kwa gari. Mke wangu alikuwa anaongea na Ouma kwa simu, ameweka loudspeaker. Nikamwambia Ouma ayapite hayo malori haraka.

"Si ulisema hakuna kupita?"

"Nilisema mimi. Malori pita."

"Lakini yako kwa msafara wako. Na baba amesema tufuate sheria vile ulitufundisha."

Hapo saa ilikuwa tano kasoro robo. Nikaona dawa ni kwenda mpaka kanisani, nikishakata kona malori yataendelea zao na bibi harusi atapata njia. Nikaweka indicator ya kushoto, nikaingia geti la kanisa.

Tanker ikaweka indicator ya kushoto.

Waliamini ni yard ya kukagua mizigo. Tanker ikaingia mpaka kwa grotto, lile pango la sanamu ya Mama Maria. Trela ikaingia, ikasimama palipotengwa kwa picha. Tanker ya pili ikakwama kwa geti, kichwa ndani, mkia barabarani, na hapo barabara ikafa. Upande wa bwana harusi walikuwa wamesimama kwa ngazi na maua, wanasubiri kuimba. Hakuna aliyeimba.

Na gari yangu isiyopitwa ilikuwa imezibwa mbele na nyuma.

Mke wangu hakunifokea, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifunika uso akasema, "Ajiambo hataolewa leo tena." Dada ya mtu alishaahirisha harusi mara moja kwa sababu ya kifo, sasa ya pili ni kwa sababu ya mguu wangu.

Nikavua koti nikakimbia.

Nilitoka kupitia ubavu wa ile tanker, nikakimbia kando ya malori, viatu vipya vinanikata. Karibu nusu kilomita. Nikaifikia gari nyeupe, Ajiambo ndani anashika shela yake na machozi yameanza kuharibu poda.

Mwalimu alishuka, akafunga vifungo vya koti taratibu.

"Mkwe, gari yako iko wapi?"

"Iko kanisani, baba."

"Imefika mapema."

"Ndio, baba."

"Sasa wewe unafanya nini huku nyuma?"

Nikasema ukweli. "Nimekosea, baba. Nilikanyaga mafuta. Nimekuja kuwachukua."

Aliniangalia kwa muda, kama anasahihisha daftari. Halafu akaita boda boda mbili. Ajiambo akapanda ya kwanza upande upande, gauni limekusanywa mapajani. Mwalimu akapanda ya pili. Mimi nikatangulia kwa miguu, maana ile nafasi kati ya malori na mtaro ilikuwa nyembamba na imejaa watu wa kuangalia. Nikawa natoa watu njiani kwa mikono, "Pisha, bibi harusi, pisha."

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nakimbia kama kuku aliyekoswa na panga. Nyuma yangu nikasikia yule wa boda ya kwanza akisema, "Mzee, acha nimpite huyu. Ako slow sana."

Na nikasikia Mwalimu Wandera, kwa ile sauti yake ya chini.

"Hapana. Huyo ndiye anaongoza. Hapitwi."

Ajiambo akasema, "Baba, tutachelewa."

"Tutachelewa nyuma yake."

Wakuu, mpaka leo sijui kama ile ilikuwa adhabu au heshima. Najua tu kwamba nilifika geti la kanisa nikiwa wa kwanza, jasho mpaka kwa soksi, nalia na nacheka.

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Padre alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake, uso umekunjwa, anaangalia gari lake mwenyewe lililokuwa nyuma ya trela.

"Mimi ningekuwa nimeshaenda," akasema. "Lakini mtu amenizibia. Ingieni."

Akapigia Port Victoria simu kwamba watoto wangoje kidogo. Ajiambo akaolewa. Madereva wa malori walikaa viti vya nyuma, wakaimba vizuri kuliko sisi, na Mganda wa kofia ya sufu akala sahani mbili. Aliondoka akinishukuru kwa escort.

Funzo nililopata: ukitaka kuwa mbele, kila dakika angalia kama wako wako nyuma yako. Na taa za machungwa si mapambo.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye gari imewahi kumwaibisha mbele ya wakwe asione haya, aje tuliwazane. Wa kunitukana pia karibuni, mjipange laini.

EDIT: Wengi mnauliza kama bado niko na gari. Niko nayo. Taa nilirudishia fundi, maandishi nikabandua, ingawa jua likipiga boneti herufi bado zinasomeka kidogo. Siku hizi hata tuktuk inanipita na nalala vizuri.

Jumapili iliyopita nilikuwa naenda Funyula. Kama kilomita mbili kabla ya kufika nikamwona Mwalimu mbele yangu kwa baiskeli yake, anatoka kanisani, anakanyaga polepole, suruali imefungwa kwa kamba chini. Barabara ilikuwa wazi. Turbo ilikuwa inanguruma tu.

Nikaweka hazard, nikakaa nyuma yake. Nyuma yangu matatu zikapanga, zinapiga honi mpaka basi. Yeye hakugeuka. Alipofika kwa geti lake alishuka, akalifungua, akasimama kando akalishikilia.

"Pita, mkwe," akasema.