Limi na Kinyesi cha Tembo

Tarehe 14 Machi 2023, kuanzia saa tatu hadi saa sita kasorobo, kibarua cha Limi kilikaribia kuota nyasi. Alikuwa fundi mchongaji katika maabara moja mjini Kilosa. Mashine yao ya sumaku ilipima vimiminika tu. Yeye aliahidi kuchonga kichupa cha kuzungusha unga mkavu ndani ya mashine hiyo, kikiwa kimeinama, ili unga nao upimike. Unga wenyewe ulikuwa kinyesi kilichosagwa cha tembo wa Mikumi.

Katika jaribio la mezani kichupa kilipasuka, kikampaka unga usoni mkuu wa Limi, Daktari Obed.

"Shikamoo, Daktari," alisema Limi, kwa mara ya pili asubuhi hiyo.

"Marahaba. Nifute kwanza, ndipo nikufukuze."

Alimfuta. Kisha akachekecha unga mwingine, akaushindilia sawasawa katika kichupa cha akiba. Kikazunguka kwa mluzi mwembamba, kikatulia bila kupasuka.

"Kukufukuza kutasubiri," alisema Daktari.

Mwaka mmoja baadaye Limi alipata ajira ya kudumu.