Shemeji wa Kiti cha Mbele

Shangazi yangu ni fundi wa magauni ya harusi, na kwake kuna sheria moja: kitu hakitoki bila kujaribishwa. Hata mkanda wa kiunoni lazima uvaliwe, mvaaji azunguke, akae, ainuke, anyanyue mikono kama anayedaka mpira. Bibi harusi akisema ana haraka, Shangazi humjibu akiwa amebana pini midomoni, na kwa kuwa hakuna anayemwelewa, hakuna anayebishana naye.

Gari lake ni dogo, la rangi ya maziwa, na lilitoka kiwandani bila tairi la spea. Chini ya zulia la buti, mahali ambapo magari mengine huweka tairi, kuna kisanduku cha sponji chenye pampu ndogo na chupa ya dawa ya kuziba pancha. Waliolitengeneza waliona inatosha. Shangazi naye aliona inatosha, mpaka siku alipopata pancha akiwa anapeleka nguo za wasimamizi wa harusi. Alisoma maelezo, akaunganisha mpira vizuri sana kwenye chupa na vibaya sana kwenye tairi, akabonyeza. Povu jeupe lenye kunata likamrukia usoni, likapita dirisha lililokuwa wazi na kutua juu ya gauni moja la waridi. Msimamizi aliyelivaa alipiga picha zote akiwa amekumbatia shada la maua tumboni, na wapo wageni wanaoamini mpaka leo kwamba aliumwa tumbo siku hiyo.

Baada ya hapo Shangazi hakutaka kusikia habari za dawa. Alikwenda kwa muuza vyuma akachagua tairi lenye rimu yake. Muuzaji akamwambia litaingia, asiwe na wasiwasi.

"Lijaribishe," Shangazi akasema.

"Mama, nimeuza matairi miaka yote hii."

"Na mimi nimeshona miaka yote hii. Lijaribishe."

Muuzaji akanyanyua gari kwa jeki yake, akalivisha tairi, akakaza nati, akazungusha, akalivua tena. Lilikaa sawasawa. Shangazi akaridhika.

Shida ikawa pa kuliweka. Kwenye shimo la buti halikuingia. Juu ya zulia lilikula nafasi yote ya nguo, tena lilinuka, na gauni la harusi halitakiwi kunuka gereji. Kiti cha nyuma ndiko magauni marefu yanakolazwa. Kikabaki kiti cha mbele, ambacho kilikuwa changu. Nilihama bila kinyongo, kwa kuwa nyuma hakuna anayekusemesha na unaweza kusoma kitabu chako kwa raha.

Mikono ya Shangazi haiwezi kuvumilia kitu kilicho uchi. Alilishonea tairi vazi kutokana na mabaki ya kitambaa cha suti, kijivu chenye mistari, lenye vifungo mbele na mfuko wa leso. Gari lilipoanza kulia likidai abiria wa mbele afunge mkanda, akamfunga.

Mtaani wakamwita Shemeji. Muuza genge wa kona alikuwa akilala na kuamka na habari zake.

"Shemeji hajambo leo? Naona kanuna."

"Hajanuna," Shangazi alijibu dirishani. "Ametulia. Kwani mume wako hupanda gari bila kukufundisha kuendesha?"

"Wangu hana hata hiyo suti."

Basi mwaka huo akaja dukani mama wa yule msimamizi aliyepiga picha amekumbatia shada. Hakukaa. Alisimama katikati ya vitambaa na mkoba wake begani.

"Binti yangu mkubwa anaolewa," alisema, "na amesema atashonewa na wewe au atavaa gauni la nyumbani. Mimi sikutaki, lakini siolewi mimi. Likifika na doa, au likifika watu wamekwisha keti, kila ninayemjua atasikia. Na ninajua watu wengi."

"Litafika, dada," Shangazi akasema. Safari hiyo alitoa pini mdomoni kwanza.

Asubuhi ya harusi tuliondoka mapema, gauni limelala mapajani mwangu na kufika hadi mlango wa pili. Tulipokuwa tunapita eneo la maghala, gari likaanza kuchechemea. Shangazi akaegesha pembeni. Nilitegemea alaani. Akatabasamu.

"Nilijua iko siku atapata kazi," alisema.

Akamfungua Shemeji mkanda, akamfungua vifungo kimoja kimoja, akamvingirisha mpaka nyuma ya gari. Kisha akaninyooshea mkono, kama anavyofanya akitaka mkasi.

"Jeki."

"Iko wapi, Shangazi?"

"Kila gari lina jeki."

"Lenye spea, Shangazi."

Tulifunua zulia la buti. Pampu, na chupa tupu. Tukatazamana. Yule muuza vyuma alikuwa ametumia jeki yake, na spana yake, na alipomaliza akazirudisha mahali pake. Tairi lilikuwa limejaribishwa vizuri sana. Shangazi akaketi juu ya Shemeji. Sijawahi kumwona mnyonge namna ile.

Baadaye alisimama akapunga mkono. Magari yakapita. Nani asimame kwa ajili ya mama mwenye futi ya kupimia shingoni? Ndani ya gari joto lilikuwa limeanza kupanda, akaniambia nishuke na gauni lisije likajikunja. Nikasimama kando ya barabara, nimelinyanyua juu ya kichwa lisiguse vumbi. Lori likapunguza mwendo.

"Hongera, bibi harusi," dereva akapiga kelele, akaenda zake.

Nikageuka kumwambia Shangazi watu wamenifananisha. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho la kutazama kitambaa kabla ya kukikata.

"Inama kidogo," akasema.

"Shangazi, tafadhali."

"Ni shela tu, mwanangu. Haling'ati."

Pikapu ya muuza magodoro ilifunga breki kabla Shangazi hajamaliza kulichomeka pini. Nyuma yake pikipiki, kisha gari la mtu na mkewe. Jeki ikatoka kwenye pikapu, spana ikatoka kwa yule mwenye mke, na ushauri ukatoka kwa kila mmoja. Mke wa mtu akanipepea kwa gazeti.

"Usilie, utaharibu wanja," alinibembeleza. "Atakusubiri tu."

Sikuwa nalia, wala sikuwa na wanja, ila sikujua nianzie wapi kueleza.

"Kwanza bwana harusi mwenyewe yuko wapi?" akauliza muuza magodoro, jasho likimtiririka. "Mbona hatumwoni?"

Shangazi akaonyesha tairi bovu lililokuwa linavutwa kutoka mahali pake. "Si huyo. Kaishiwa pumzi."

Lile bovu likavishwa suti ya Shemeji, likafungwa mkanda, tukaondoka kwa vigelegele vya watu tusiowajua.

Yule mama alikuwa langoni anatusubiri. Alilipokea gauni bila salamu. Akalinyoosha kwenye mwanga, akapitia pindo lote kwa kidole, akageuza ndani nje. Shangazi alisimama wima na futi yake shingoni. Ndani ya nyumba sauti ya msichana ikauliza kama gauni limefika, na mtu akamjibu limefika.

Mama hakupata doa. Ndipo akanitazama kichwani.

"Na hilo shela mbona limevaliwa?"

Nilikuwa nimelisahau. Nikatamani ardhi inimeze.

"Kwangu kitu hakitoki bila kujaribishwa," Shangazi akasema.

Yule mama alinivua shela taratibu kwa mikono miwili, akalinusa. Akamtazama Shangazi, akatazama gari letu na yule bwana wa suti aliyefungwa mkanda kiti cha mbele, mlegevu kidogo kuliko kawaida.

"Nina binti wa tatu," alisema. "Bado anasoma. Usihame."