Kama Msiba ni Hadharani

Nilijiunga na kikundi cha watu wanaopeleka utafiti sokoni kwa sababu ya mume wangu, ambaye hakuwahi kuhudhuria kikao chao hata kimoja. Mimi nimeishia darasa la saba. Yeye alikuwa kibarua kwenye shamba la majaribio, na kwa muda wake mwenyewe alitengeneza jiko linalochoma magunzi ya mahindi bila moshi wa kuwatoa watu machozi. Siri yote ilikuwa kwenye sahani ya bati iliyokaa ndani. Matundu yake aliyatoboa kwa kuyalaza upande. Mtafiti wa pale shambani, binti mpole asiyeachana na daftari, alilipima jiko, akashangaa, akamwambia aombe hataza, yaani cheti cha serikali kinachosema kitu hiki kimebuniwa na fulani. Kabla hawajajaza fomu, mume wangu akafariki.

Nilitaka jambo moja tu: jina lake liandikwe kwenye cheti hicho. Habari za kuuza majiko sikuzijali.

Kikundi kilikutana Nyakanazi, kwenye ukumbi wa chakula wa nyumba ya wageni, kwa kuwa wa Ngara na wa Biharamulo wote wanafika pale bila kulaumiana. Kilikuwa na katiba, na makundi madogo matatu ya kitaaluma: la hataza, la mikataba na la masoko. Katiba ilitaka kila kundi likae meza yake. Siku hiyo wanachama tulikuwa wanne. Mwenyekiti, ambaye ni mwanasheria, alikuwa kwenye hataza na kwenye mikataba, akawa anahamahama na soda yake. Kundi la masoko lilikuwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngara mjini, ukoo wake wa pwani, msemaji hasa. Alijiuliza swali, akanyoosha mkono, akajiruhusu, akajijibu. Mimi niliwekwa hataza pamoja na yule binti mtafiti, ambaye pia alikuwa karani.

Jirani yangu wa Nyamigogo alinisindikiza, maana tangu msiba hakutaka nisafiri peke yangu. Hakuwa mwanachama wa kitu chochote. Alikaa meza ya nne, akaagiza supu.

Binti akanisomea fomu. Tulikwenda vizuri mpaka swali lililouliza kama jiko limewahi kuonyeshwa hadharani.

"Andika hapana," mwanasheria akasema kutoka meza ya mikataba.

"Lilipikia watu msibani," nikasema.

Akahama meza. "Msiba wa nani?"

"Wake mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tatu jiko lile lilipika ugali na maharage ya watu wote waliokuja kumlilia aliyelitengeneza. Mwanasheria akaeleza kwamba, kwa anavyoelewa yeye, kitu kikishaonekana na umma hakihesabiki kipya, na kisicho kipya hakipewi hataza. Akafikiri, akanywa soda. "Lakini waombolezaji ni ndugu. Ndugu si umma."

"Wakili, mimi nilikuwepo na nilikula," mzee wa masoko akaita. "Nina undugu gani na marehemu? Nyamigogo nzima ilikuwepo, na nusu ya Nemba. Kama huo si umma, basi Biharamulo haina umma."

"Mzee, subiri zamu ya kundi lako."

"Kundi langu limeshakutana. Tumekubaliana kwa kauli moja."

Mwanasheria akamwacha, akamgeukia jirani yangu. "Mama, shikamoo. Waombolezaji walikula, sawa. Je, waliiona sahani ya ndani?"

"Marahaba. Nani anachungulia jiko msibani, mwanangu? Ilikuwa hivi." Akaweka bakuli la supu sakafuni, akakaa kwenye kigoda cha mpishi, akaanza kukoroga hewa kwa kijiko huku akilia kwa sauti ile ile ya siku ile. Jirani yangu akilia, analia. Madereva wawili wa malori waliokuwa wakila karibu na dirisha walivua kofia wakaja kutupa mkono wa pole.

"Poleni sana. Mmefiwa lini?"

"Siku nyingi," mzee akawajibu. "Sasa hivi tunajadili jiko."

Hawakurudi mezani kwao. Mmoja akauliza kama ugali ulitosha, jirani akasema ulibaki.

"Mmeona?" mwanasheria akasema. "Machozi, kelele, vyungu. Hakuna aliyechungulia. Andika hapana."

Binti akaweka kalamu kwenye karatasi, akanitazama. Nililitaka jina lile kwenye cheti kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine.

"Nilionyesha mimi," nikasema.

Jirani akanifinya. "Hakuonyesha! Mjane hajui anachosema."

"Nilionyesha." Nikawaeleza. Makaburini walisoma historia ya marehemu: alikozaliwa, aliposoma, ndoa, watoto, kwaya. Jiko halikutajwa. Iliniuma. Mjane anatakiwa kukaa ndani kwenye mkeka, lakini mimi walinikuta jikoni kila mara, nainua sahani kwa koleo na kumwambia kila aliyekuja kunipa pole: tazama matundu, ameyalaza.

"Ulimwonyesha nani?"

"Kila aliyeleta magunzi. Na padri."

"Mimi nilionyeshwa mara mbili," mzee akasema kwa fahari. "Nikachora."

"Ulichora?"

"Kwenye kiganja. Nilinawa kabla ya kula, likafutika."

Jirani akashusha pumzi. "Kama ni siku ya ukweli, mimi nimeshajitengenezea langu. La kopo la rangi."

"Basi msiba ulikuwa hadharani," dereva mmoja akasema.

"Wewe si mwanachama," mwanasheria akamwambia, lakini alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Binti akaandika muhtasari, akausoma akiwa amesimama. Kikundi kimeona kwamba jiko la magunzi, lililobuniwa na marehemu, akataja majina yake yote matatu bila kukosea, lilionyeshwa hadharani msibani kwake, hivyo ombi la hataza haliendelei.

"Kuna marekebisho?" mwenyekiti akauliza.

"Naomba asome tena," nikasema. "Pale kwenye lililobuniwa."

Akasoma tena. Nikaomba nakala yenye muhuri.

"Kikundi hakina muhuri, mama."

Mzee wa masoko akaingiza mkono kwenye kanzu, akatoa muhuri wa duka lake, ambao hutembea nao kwa kuwa hamwamini mtu yeyote kubaki nao. Akaupulizia, akagonga kwa nguvu mpaka soda ya mwenyekiti ikatikisika. Nakala ninayo. Jina la mume wangu linasomeka vizuri, na chini yake muhuri unatangaza nondo, saruji na rangi za aina zote.