Tulimwandika Aliyekuwa Matangani

Harufu bado haijanitoka puani. Maharagwe yaliyochacha, yamemwagwa kwenye ngazi za ofisi ya mwalimu mkuu, yakapigwa na jua la Homa Bay siku sita nzima kwa sababu mwenyewe alitangaza, "Hakuna kufagia mpaka nijue ni nani." Walimu walikuwa wanayaruka wakiwa wamebana pua. Nzi nao walikuwa wameshahamia pale.

Mimi nilimwaga. Naandika hivyo mapema ili nisije nikajificha huko mbele.

Tulikuwa tumelalamika karibu muhula mzima. Wadudu walielea juu ya mchuzi, weusi, na mpishi alikuwa akitucheka, "Si hiyo ni nyama ya bure, wasichana?" Jumatano, msichana mmoja wa Fomu Nne alisimama bwaloni na sahani yake akasema, "Twendeni tuwapelekee wenyewe waonje." Tukaenda. Mimi sijui kupiga kelele, hata darasani najibu kwa kunong'ona, lakini nilifuata mstari na zamu yangu ilipofika nikamwaga, nikajipangusa vidole kwenye sketi. Fomu Moja walimwaga. Viranja walimwaga. Katika shule nzima, ni msichana mmoja tu ambaye hakumwaga: mwenzangu wa dawati. Alikuwa amepewa ruhusa tangu Jumapili, akavuka ziwa kwenda kwao, kisiwa cha Takawiri, kumzika nyanya yake.

Kesho yake tulifungiwa madarasani. Kila mmoja akapewa nusu karatasi. Naibu wa mwalimu mkuu akatuambia, "Andika jina la mchochezi. Karatasi tupu, nitajua ni wewe."

Nilikaa na kalamu jasho likinitoka. Yule wa Fomu Nne analala kitanda cha juu yangu. Nikimtaja, nitalala wapi? Kisha nikapata wazo, na naona aibu kusema kwamba lilinifurahisha. Nikasema nimwandike mtu asiyeweza kuguswa. Mwenzangu yuko kisiwani anawapikia uji watu wa matanga. Jina lake liko kwenye kitabu cha lango, saa aliyotoka na sahihi. Nani atamshtaki mtu aliyekuwa ng'ambo ya maji? Watasoma, watacheka, watatupa. Nikaliandika jina lake, nikaikunja karatasi mara nne.

Saa kumi nikaitwa ofisini. Nina mwandiko mzuri na sina mdomo, kwa hiyo mimi ndiye huitwa kunakili mambo ya siri. Naibu akanimwagia karatasi mezani. "Soma, hesabu, uniandikie orodha safi."

Nikafungua ya kwanza. Jina lake. Ya pili, jina lake. Ya tatu ilikuwa na jina la mlinzi wa lango, nikatamani kucheka. Ya nne, ya tano, yeye tena, kwa miandiko ninayoifahamu kabisa, ya wasichana waliomkopa sabuni na kusuka nywele zake. Hakuna aliyekuwa na chuki naye. Kila mmoja alikuwa amewaza nilichowaza mimi, kila mmoja akajiona mjanja peke yake. Ningeweza kusema pale pale. Nilinakili. Jina lake nikaliweka la kwanza, kwa ule mwandiko mzuri, nikalipigia mstari chini yake kwa rula.

Naibu alipoiona alikuna kichwa. "Huyu si alikuwa na ruhusa?"

Mwalimu mkuu hakuinua hata macho. "Alipanga kabla hajaondoka. Hao wapole ndio hatari."

Mwaka jana niliandika insha: wanafunzi watundu wafukuzwe shule kabisa. Nilipata alama nzuri kuliko wote, ikasomwa mbele ya darasa. Niliipamba kwa methali mbili na maneno makubwa kuhusu nidhamu. Nilimwona kabisa akilini yule mtundu wangu: mkubwa, mwenye macho mekundu, hana mama. Sasa nikiiona insha hiyo kwenye daftari najisikia kama nimekanyaga kitu.

Jumanne bodi ilikaa. Mwenzangu alirudi na mama yake, moja kwa moja kutoka matangani, kichwa kimenyolewa, hajui lolote. Mimi niliitwa kuleta orodha, nikasimama karibu na mlango.

"Mwalimu, huyu mtoto alikuwa na mimi," mama akasema. "Muulizeni pasta aliyezika. Muulizeni mwenye mashua."

"Mama, wenzake wenyewe wamemtaja. Wote wana chuki naye?" mwalimu mkuu akamjibu.

Mzee mmoja wa bodi alikuwa akitafuna mandazi, makombo yakimwangukia kwenye tai. "Shule hii hatuwezi kufukuza wote," akasema. "Lakini tukinyamaza, wazazi watatuuliza tumefanya nini. Lazima mtu atoke."

Akachukua andazi lingine. Sijui kama ni hilo andazi lililonisukuma. Nilisikia sauti, kumbe ni yangu.

"Hakuwepo. Mimi ndiye nilikuwepo. Nilimwaga. Na kwenye karatasi niliandika uongo."

Wakanigeukia wote. Mwalimu mkuu akauliza polepole, "Nani aliwaongoza?"

"Tulimwaga wote, Mwalimu."

"Wote si jina."

Nilijua jina moja, la kitanda cha juu. Sikulitoa, na hadi leo sijui kama huo ulikuwa wema au woga ule ule. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mtoto mgonjwa. "Rudi darasani. Wewe ni msichana mzuri, usijiharibie." Sijawahi kuchukia kusifiwa namna ile.

Sikurudi darasani. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji mpaka walipotoka na barua. Kufukuzwa, si kusimamishwa. Mwenzangu alibeba godoro kichwani mpaka langoni, mama akaburuta sanduku la bati, na madirishani wenzetu walikuwa wamejaa, wengine wakicheka ule mcheko wa mtu aliyepona. Kule ofisini wasichana wa Fomu Moja walikuwa tayari wanapiga deki ngazi za ofisi.

Nikawakuta wanangoja boda boda.

"Hata wewe uliniandika?" akaniuliza.

"Niliandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hukuwepo."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Si ungeandika mbuzi wetu? Naye pia hakuwepo."

Mama yake ndiye aliyenishika mkono. "Nyathina," akaniita, mtoto wangu, na mimi sikustahili, "yale uliyosema mle ndani, unaweza kuyaandika? Mimi niende nayo ofisi ya elimu. Mimi wakinisikia wanaona mama tu."

Nilipiga magoti nikaandika juu ya sanduku. Nilianza, "Kwa heshima na taadhima," na mwenzangu aliyekuwa anachungulia begani mwangu akasema, "Wee, hiyo si insha."

Nikakata mstari. Nikaandika jina langu kamili, darasa langu, halafu: Mimi nilimwaga maharagwe. Yeye alikuwa anamzika nyanya yake. Mwandiko ulikuwa mbaya, nikatia sahihi hivyo hivyo. Mama aliikunja karatasi akaitia kifuani, boda boda ikaja wakapanda, godoro likafungwa nyuma kwa mpira.

Jioni ile maharagwe yaliletwa kama kawaida, na wadudu wake. Yule wa Fomu Nne akapita na sahani yake akisema, "Kuleni, wasichana, kesi imeisha." Hakuna aliyeguna. Mimi nilitoa wadudu kwa ncha ya kijiko, nikawapanga ukingoni, nikala. Nilikuwa na njaa.

Ofisi ya elimu haijajibu. Mwalimu mkuu ameshaniita mara moja, nakala ya karatasi ile ikiwa mezani kwake, kuniuliza kama hiyo sahihi ni yangu. Nilisema ni yangu.