Chai ya Mama Birika Wageni Hawainywi

Shemeji yake Mama Birika, mdogo wa marehemu mumewe, alimpakaza kwa wageni kwamba alimuua mume kwa sumu. Alimpakaza mchana kweupe, mbele ya macho yake, kwa lugha asiyoijua.

Mama Birika aliuza chai kwenye ngazi za mahakama ya zamani, mkabala na mnara wa saa. Shule hakuiona, ila jiji alilijua kwa miguu: soko la maua linaloamka kabla ya jua, uchochoro wa mafundi saa, daraja la chuma ambalo wapiga picha hulipangia foleni. Shemeji alikuwa mwongoza watalii. Na nani alimfunza njia hizo? Ni yeye, enzi zile shemeji alipoingia mjini na fulana moja, akala kwake, akalala sebuleni kwake. Shukrani ya punda ni mateke.

Kwanza benchi la wateja wake lilibaki wazi. Kisha akagundua kwamba wageni wanasimama, wanampiga picha, lakini hawanywi. Mmoja alipokea kikombe, akakinusa, akakitua haraka kama kaa la moto. Baada ya picha, shemeji huwavusha barabara hadi kwenye mkahawa wa mkewe.

"Shemeji, mbona wageni wako wananitazama kama wameona jeneza?"

"Wanakupenda, shemeji! Nawaambia wewe ndiye kito cha mtaa huu."

"Kito hakikimbiwi."

"Basi kunjua uso kidogo. Hata chai yenyewe inakuogopa!"

Akacheka mno, kuliko utani wenyewe. Tangu hapo Mama Birika hakumwamini mtu. Alisugua birika mpaka likang'aa kama kioo. Akamshuku muuza magazeti, akamshuku hata muuza maua kwa kumsalimu mara mbili. Mwishowe akamwita binti wa jirani, msafisha vyumba hotelini, anayejua lugha ya wageni.

"Mwanangu, keti hapa unywe chai. Shemeji akifika na watu wake, tega sikio, usigeuke."

Kundi likafika. Shemeji akaonyesha saa, wote wakatazama juu. Akaonyesha ngazi. Mgeni mmoja akajishika koo, akatoa ulimi nje, wenzake wakaangua kicheko.

Binti alikuwa amekiweka kikombe chini.

"Sema."

"Mama, usinichukie."

"Sema! Na mbona wewe nawe umeacha kunywa?"

"Anasema ulimtilia mumeo sumu kwenye chai. Ati jaji alikuachia kwa huruma, ndiyo maana hubanduki hapa mahakamani. Anasema, anayethubutu na anywe."

Mumewe aliliwa na ugonjwa wa ini. Yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko na kumgeuza kitandani, na shemeji hakutia mguu mpaka siku ya mazishi.

Mama Birika akainuka, akamimina kikombe, akajitoma katikati ya wageni, akakinywa chote.

Wakampigia makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Shemeji akainama kama mwenye shoo, akawavusha barabara.

Siku hizi binti hupitia njia nyingine. Na shemeji bado ana deni: asimame pale pale, kwa lugha ile ile, kwa sauti ile ile, aseme kaka yake aliugua akafa, na kwamba mjane wake ndiye aliyemuuguza. Hajasema.